Mkata Umeme

Mfungaji wa mabao hahitaji wakili. Jina lake litatajwa redioni, watoto watajiita kwa jina hilo vichochoroni, na akikosa mara tatu akafunga ya nne, zile tatu zitasamehewa. Mkabaji ndiye anayehitaji watu wa kumtetea, na kwetu Kikwajuni, Unguja, watetezi hukaa barazani.

Hebu pita alasiri moja, jua limeshapungua ukali, baina ya majumba ya ghorofa tuliyojengewa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki na Uwanja wa Mao. Muuza kahawa ametua dele lake, kashata ziko tayari, na mjadala ni ule ule wa wiki nzima: timu ya mtaa ina nafasi ya kusajili mtu mmoja tu, namba sita, na vijana wanaotajwa ni wawili. Wa kwanza ana kifua kama mlango wa msaji, na mbio zake zinavuma. Akimfikia mtu, mtu huyo huenda chini. Wa pili mwembamba, hana mbio za kutisha, na mara nyingi humaliza mechi jezi yake ikiwa safi. Karibu baraza zima liko na wa kwanza. Mie na mzee mmoja aliyecheza beki ujanani mwake tuko na wa pili.

"Nyie mnasajili mchezaji au mchukuzi wa bandarini?" mzee aliuliza.

"Babu, mpira wa siku hizi ni nguvu."

"Nguvu ya kumfikia mtu ambaye pasi ameshaitoa, ya nini mwanangu?"

Watangazaji wetu humwita mkabaji wa namba sita mkata umeme. Sisi wa Unguja jina hilo tunalielewa kuliko wengine: umeme ulikatika kisiwani Desemba 2009, haukurudi mpaka Machi 2010. Taa zilikuwepo, majokofu yalikuwepo, feni zilikuwepo, na vyote havikuwa na faida. Ndivyo inavyokuwa timu pinzani ikikabwa vizuri. Washambuliaji wake wote wamo uwanjani, wazima wa afya, ila hakuna kinachowafikia.

Watu hudhani mkabaji anapokonya mpira. Kwanza anapokonya muda. Yule kijana mwembamba nimemtazama mara nyingi. Haukimbilii mpira. Hukunja mwili kidogo ili upande mmoja ufungwe, mpinzani abaki na upande wa mguu wake dhaifu. Hatua zake huwa fupi, macho yako kwenye kiuno cha mtu, maana miguu hudanganya na kiuno hakidanganyi. Kisha hungoja. Mpira ukitoka nusu hatua mbali na mwenyewe, yeye ameshafika. Mcheza bao hodari naye yuko hivyo: hashughulishwi na kete zilizo mkononi mwa mwenzake, anatazama shimo zitakapoishia.

Hoja yetu hii ina ndugu yake ng'ambo ya bahari. Katika mpira wa Wamarekani, ule wa kofia ngumu, kuna mpasiaji mmoja anayeongoza mashambulizi, akilindwa na ukuta wa watu watano. Upande wa pili wamo watu ambao kazi yao ni kuuvunja ukuta huo wamfikie kabla hajatupa mpira, na muda wenyewe ni kama sekunde tatu hivi. Kila Aprili timu huwachagua kwa zamu vijana wanaotoka vyuo vikuu, na mabishano ya nani achukuliwe kwa kazi hiyo huwa kama haya yetu, tofauti ni kahawa tu.

Mwaka 2006, New York Giants walimchagua kijana wa kazi hiyo hiyo, Mathias Kiwanuka, wa 32 na wa mwisho katika duru ya kwanza. Ni mjukuu wa Benedicto Kiwanuka, Waziri Mkuu wa kwanza wa Uganda, aliyeuawa wakati wa Idi Amin mwaka 1972. Novemba ya msimu wake wa kwanza, timu yake ikiongoza dakika za mwisho dhidi ya Tennessee Titans, Kiwanuka aliuvunja ukuta, akamfikia mpasiaji Vince Young na kumkumbatia. Kisha akamwachia. Alidhani mpira umeshatoka, akaogopa kuadhibiwa. Mpira ulikuwa bado mkononi mwa Young, naye akachomoka nao. Giants waliokuwa mbele 21 kwa 0 wakafungwa 24 kwa 21.

Niliposimulia kisa hiki, baraza lilicheka, isipokuwa mzee. "Msimcheke," alisema. "Kufika kafika. Kilichobaki ni kujua sasa ndiyo sasa." Naye Kiwanuka hakuvunjwa na siku ile. Alidumu na timu hiyo misimu tisa.

Mzigo mwingine wa kazi hii ni kwamba kazi yenyewe haihesabiki. Hata Wamarekani, watu wa kuhesabu kila kitu, ni mwaka 1982 tu walipoanza kumwandikia rasmi mchezaji idadi ya wapasiaji aliowaangusha. Deacon Jones, bingwa wa kazi hiyo, alikuwa ameshastaafu tangu 1974. Mara moja moja ulimwengu hukumbuka: Fabio Cannavaro, beki, alipewa Ballon d'Or mwaka 2006, na jina lake akapachikwa beki wetu wa Zanzibar, Nadir Haroub, aliyekuja kuwa nahodha wa Yanga na Taifa Stars. Mwanzoni mwa 2022 Yanga walirudi tena visiwani, wakamchukua Ibrahim Hamad "Bacca" kutoka KMKM. Naye ni beki.

Sitamdhulumu kijana wa kwanza. Siku ya masika, uwanja ukiwa tope, kifua kina thamani yake. Lakini nguvu ataiongeza yeyote atakayekula vizuri na kufanya mazoezi. Kungoja huku moyo unakwenda mbio, na kutongoja hata nukta moja ya ziada, hakupatikani kwa kula. Kura yangu ni kwa mwembamba.

Nawe siku ukikaa Mao, uachie mpira upite dakika kumi, mtazame namba sita. Ukiona mpinzani ameinua kichwa, katafuta mwenzake hamwoni, akaurudisha mpira kwa kipa wake, piga makofi. Jirani yako atakuuliza unashangilia nini. Mwambie umeme umekatika.