Vitufe Sita Juu ya Mishale

Katika programu ya Windows ya kuunganisha kompyuta ya mbali, kwenye kichupo cha rasilimali za ndani, kuna swali fupi lenye majibu matatu. Michanganyiko ya vitufe vya Windows itumike kwenye kompyuta hii, kwenye ile ya mbali, au kwenye ya mbali pale tu dirisha linapojaza skrini? Jibu la tatu limeshachaguliwa kabla hujafika. Ndani ya faili la muunganisho, ambalo ni maandishi matupu, mjadala wote huo unabaki mstari mmoja: keyboardhook:i:2.

Thamani nyingine mbili za mstari huo, sifuri na moja, ni amri. Mbili ni dhana: kwamba dirisha likijaza skrini, basi na nia ya mtu imehamia huko. Skrini ikijaa, Alt+Tab inazunguka kwenye madirisha ya seva, yaani ile kompyuta ya mbali. Lipunguze dirisha, na vidole vilevile vinakurudisha kwenye barua pepe zako. Kwa mwenye skrini moja dhana hiyo inakubalika. Mwenye mbili anasoma mwongozo kwenye ya kulia huku vitufe vyake bado vinaitii seva iliyojaa kushoto.

Kwa anayependa dirisha dogo, wabunifu walitunga seti ya pili. Alt+Page Up inashika nafasi ya Alt+Tab, Alt+Page Down inarudi kinyume, Alt+Insert inapitia programu kwa mfuatano wa kufunguliwa kwake, Alt+Home inafungua menyu ya Start, Alt+Delete menyu ya dirisha. Halafu Ctrl+Alt+End kwa Ctrl+Alt+Delete. Zikisomwa kwenye jedwali la maelekezo, zinaonekana zimeokotwa ovyo. Zitazame kwenye kibodi kubwa ya mezani: ni vile vitufe sita vilivyo juu ya mishale, vyote, hakuna kilichoachwa. Na End imekaa kuliani mwa Delete, kidole kinasogea hatua moja tu. Hiyo ni kazi ya mtu aliyefikiri.

Ila jedwali hilo linaficha jambo. Tano za kwanza ni hisani. Skrini ikijaa huzihitaji. Ya sita ni lazima. Tangu Windows NT ya 1993, Ctrl+Alt+Delete ni mali ya mfumo wenyewe, ili programu ya hila isiweze kuinasa na kuchora ukurasa bandia wa kuombea nywila. Hata skrini nzima haiipeleki mbali. Kuipanga safu moja na wenzake ni kasoro ya utunzi: msomaji hajui ipi aikariri na ipi aipuuze.

Kisha kompyuta mpakato zikauvunja mpangilio. End imesukumwa kwenye kona, au imepandishwa juu ya mshale na kudai Fn. Break, inayohitajika ili Ctrl+Alt+Break ibadilishe ukubwa wa dirisha, mara nyingi haipo kabisa. Ili kutuma Ctrl+Alt+Delete, mafundi wanafungua kibodi ya skrini huko mbali, wanashikilia Ctrl na Alt kwa mkono mmoja, wanabofya Del kwa kipanya. TeamViewer, programu nyingine ya kazi hiihii, imeiweka amri hiyo kwenye menyu yake. Si suluhisho la kisanii, na linautoa mkono kwenye kibodi, lakini anayelitafuta analiona.