Derek B na lafudhi ya kuazima

Wanaomtetea mchanaji Derek B hukimbilia chati. "Goodgroove" ilifika namba 16 Uingereza mwaka 1988, "Bad Young Brother" nayo ikaishia hapo hapo. Sawa, hilo hakuna anayebisha. Lakini msikilize anapofungua mdomo: mtoto wa London, aliyepikwa na redio zisizo na leseni, anachana kama mzaliwa wa Queens, New York. Uamuzi ule ulikuwa mbovu siku ile na ni mbovu mpaka leo.

Tuweke uzalendo kando, tuzungumzie ufundi. Mtu wa London akikutana na t kati ya irabu mbili huikatia kooni. Sauti inakatika ghafla, kisha inaendelea. Kwa mchanaji hiyo ni ngoma ya bure, maana mkato mmoja unaweza kuutua juu ya snea, mwingine ukautanguliza kidogo, na biti ikabaki ile ile. Mmarekani t hiyo hiyo huilainisha mpaka inakaribia d. Ulaini huo unaifaa New York, ambako flo nzima imejengwa juu yake. Derek B alikuwa na ule mkato tangu utotoni, akautupa, akaenda kuazima ulaini wa watu. Ndiyo maana mistari yake inalala juu ya biti badala ya kubishana nayo, na vina vinafungwa mwisho wa mstari, mstari baada ya mstari, kama mtu anayetembea na viatu vya kaka yake akiogopa vitamvuka. Biti zenyewe zimepangwa vizuri.

Eti soko ndilo lilidai. Soko lipi? Smiley Culture, kijana wa sound system ya Saxon, alitoa "Cockney Translation" mwaka 1984 akiruka kutoka patwa ya Jamaika hadi Kiingereza cha mitaa ya London bila kupoteza pumzi, halafu "Police Officer" yake ikapanda hadi namba 12. Kumi na mbili iko juu ya kumi na sita. Papa Levi, wa Saxon huyo huyo, alishika namba 1 Jamaika kwenyewe. Nimeshalisema na nitalirudia: shule ya rap ya Uingereza ilikuwa ile sound system, na lebo zilizopita mlangoni pake zikitafuta LL Cool J wa kienyeji zilistahili hasara zilizopata.

Kundi la London Posse walikwenda New York mwaka 1986 wakiwa na bendi ya Big Audio Dynamite. Wangeweza kurudi na lafudhi ya huko. Walirudi na yao, imenolewa zaidi. Kwenye albamu yao Gangster Chronicle ya 1990, Rodney P anaburuta maneno kwa uvivu wa makusudi, Bionic anaingia na patwa, na kila mkato wa kooni unapiga kazi. Mauzo hayakuwalipa, lakini waliokuja nyuma walijifunza kwao.

Halafu kuna hili. Mwaka huo huo wa 1988 Derek B alishiriki kuandika "Anfield Rap" ya klabu ya Liverpool. Humo John Aldridge na Steve McMahon, wacheza mpira, wanachana kwa lafudhi nzito ya nyumbani kwao, na utani wa wimbo umesimama juu ya lafudhi hiyo. Ulifika namba 3.