Watu Kumi wa Kabambare

Mwanzoni mwa Februari 1871 watu kumi walifika Kabambare, mashariki mwa Kongo ya leo, wakitokea pwani. Walikuwa wametumwa kumtumikia David Livingstone, mmisionari na msafiri kutoka Uskoti, ambaye vidonda vya miguu vilikuwa vimemlaza hapo tangu Julai ya mwaka uliotangulia. Alipotaka waende mbele kuelekea mto Lualaba, walikataa, tena wakadai mshahara uongezwe. Livingstone akaandika kwa uchungu kwamba wamekuja na uongo midomoni.

Sisi wa Salamabila, katika eneo hilohilo la Kabambare, tunasimuliana habari za dhahabu ya mgodi wa Namoya kuliko habari za wapagazi. Lakini ugomvi ule ni wa kazi ya uchukuzi, ulitokea huku kwetu, na aliyeuandika ni tajiri wa msafara. Kuutoa katika maandishi yake kunataka fundi.

Kazi huanza na macho. Karatasi zilimwishia Livingstone, akawa anaandika shajara na barua zake popote penye nafasi. Wino nao ulipokwisha, alikamua rangi ya mbegu na kuandika juu ya gazeti kuukuu, akikatiza mistari iliyochapwa. Barua aliyoandika Kabambare tarehe 5 Februari ilififia, na wino wa upande mmoja ukajitokeza upande wa pili. Mwaka 2010 kundi la watafiti lililoongozwa na Adrian Wisnicki lilifanikiwa kuisoma. Ukurasa hulazwa chini ya kamera, taa zote huzimwa, kisha humulikwa kwa rangi moja baada ya nyingine, zikiwemo zile ambazo jicho la binadamu halizioni. Kila rangi hupigwa picha yake, na ukurasa usisogee hata unywele. Kompyuta huzipanga picha hizo, na kwa kuwa kila wino hunywa mwanga kwa namna yake, maandishi ya chapa hurudi nyuma na ya mkono hujitokeza. Hapo ndipo mtu hukaa na kunakili, neno kwa neno. Herufi isiyosomeka huachiwa pengo. Pengo hilo nalipenda kuliko herufi zote: ni mtu aliyekataa kubahatisha.

Kisha inakuja kazi ya masikio. Msomaji wa haraka husikia tajiri akilalamika. Mwanahistoria huweka matusi kando, akashika vitenzi: walifika, walikataa, walidai. Huuliza mzigo ulikuwa na uzito gani, posho ilitolewa lini, njia iliyo mbele ilisemwaje. Huuliza pia mshahara huo ulikuwa wa nani, maana Livingstone mwenyewe aliandika kwamba watu hao ni watumwa wa Mabaniani wa Unguja, na mtumwa aliyekodishwa aligawana ujira na bwana wake. Swali hilo moja lazima lisubiri daftari nyingine, na pengine miaka.

Mwanahistoria Stephen Rockel alisubiri. Kitabu chake kuhusu wapagazi wa karne ya 19, kilichotoka 2006, kimefumwa kwa manung'uniko ya namna hii, yaliyookotwa katika shajara za wasafiri na za wamisionari. Lalamiko moja si kitu. Ukiyalaza mengi pamoja, ya njia ileile na miaka tofauti, unaanza kuona desturi: kiasi cha mzigo ambacho mpagazi hakubali kizidi, kirangozi, yaani kiongozi wa wapagazi, anayesema kwa niaba ya wenzake, mizigo inayotuliwa chini kwa pamoja mpaka posho ipatikane. Huo ni mgomo, wakati hapakuwa na chama cha wafanyakazi hata kimoja. Motari wetu, mwendesha pikipiki ya abiria, akifika penye tope akashuka na kudai bei nyingine, sijui kama anajua anafuata nyayo za nani.

Aliyechunguza makuli wa bandarini alikuwa na nafuu. Mgomo mkuu wa Mombasa wa Januari 1947 una faili za serikali, una magazeti, una jina la kiongozi, Chege Kibachia. Kabambare ina mistari michache ya mtu mgonjwa aliyekasirika.

Tarehe 16 Februari msafara uliondoka, na wale watu wakaenda nao. Shajara haikawii hapo. Mtafiti hukawia: hurudi nyuma ukurasa, halafu mwingine, akitafuta siku ambayo bei ilipatana.