Wakusanyaji wa Sarafu za Shaba za Warumi
Wanaokusanya sarafu za shaba nyeusi, yaani shaba iliyochanganywa na bati, zilizotolewa na Dola ya Kirumi katika karne ya 4, wanastahili pongezi za dhati, kwa kuwa wamechagua kuitunza pesa ya mnunuzi wa mkate badala ya dhahabu ya makaisari. Upande wa nyuma wa sarafu hizo, chini ya picha, huwa pana alama ya kiwanda, ambayo jicho lililozoea huisoma hata pale kutu ilipokula nusu ya herufi: ANT, kwa mfano, huitaja Antiokia, na herufi ya Kigiriki iliyo karibu nayo huionyesha karakana iliyoipiga chapa. Kwa alama hiyo, pamoja na sura ya mtawala na maandishi kama FEL TEMP REPARATIO, yaani kurejea kwa nyakati njema, yaliyoanza kutumika mwaka 348, kisarafu kisichozidi ukucha wa kidole gumba hupata mji na miaka yake. Uungwana wa wanaozitafuta sarafu hizo ardhini umeifaa elimu pia: sarafu 22,888 za Kirumi za Seaton Down, Uingereza, zilifukuliwa kitaalamu mwaka 2013 kwa sababu aliyezigundua aliacha kuchimba akawaita wanaakiolojia.