Fundi na Swali Linalochelewa

Mfumo ukizunguka dakika nzima bila kujibu, wengi huuzima na kuuwasha tena. Wenye fedha huagiza seva kubwa zaidi. Fundi wa kanzidata hufanya jambo ninalolistahi mno: hatii mkono popote kabla hajajua ni swali gani, yaani ombi la takwimu kwa kanzidata, linachelewa na muda wake unaishia wapi.

Chukua takwimu za afya za kata ya Sibwesa, wilayani Tanganyika, mkoa wa Katavi. Hesabu za vitabu vya MTUHA, yaani rejesta za taarifa za huduma za afya, huishia katika DHIS2, mfumo ulioasisiwa na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Oslo, ambao kanzidata yake ni PostgreSQL. Idadi ya wajawazito waliohudhuria kliniki mwezi mmoja katika zahanati moja inahifadhiwa kama mstari mmoja wa jedwali. Zidisha kwa vipimo vyote, vituo vyote vya nchi na miaka yote, ndipo utaelewa kwa nini mfumo huandaa mapema majedwali maalumu ya ripoti, kwa kawaida usiku, na kuyagawa kwa miaka.

Hata hivyo ripoti hukwama. Hapo fundi huiamuru PostgreSQL ilitekeleze swali huku ikieleza kila hatua: ilitarajia mistari mingapi, ikapata mingapi, ikatumia muda gani. Jicho lake hukimbilia pale makadirio na hali halisi vinapoachana. Tuseme ilitarajia mistari 10 ikakuta 400,000. Ugonjwa uko hapo, au chini kidogo ya hapo.

Chanzo kimoja hunivutia kuliko vyote. Swali linapotaja mkoa wa Katavi na pia wilaya ya Tanganyika, mashine haijui kwamba wilaya hiyo yote imo ndani ya Katavi. Huchukua uwiano wa mkoa, ikauzidisha kwa uwiano wa wilaya, kana kwamba viwili hivyo havijuani. Jibu huwa dogo mno. Kwa kudhani kazi ni ndogo, huchagua njia ya kufuata mstari mmoja mmoja, sawa na kuhamisha ghala la mahindi kwa kikombe. Tangu toleo la 10 la mwaka 2017, fundi anaweza kuiagiza PostgreSQL ikusanye takwimu za safu hizo mbili za jedwali, ya mkoa na ya wilaya, kwa pamoja. Amri yake ni fupi mno. Ujuzi uko katika kutambua kwamba hiyo ndiyo inayohitajika.

Mwanagenzi angeongeza faharasa, yaani orodha ya kuitafutia mistari haraka. Mara nyingine ndiyo tiba, lakini kila faharasa lazima isasishwe kila mstari mpya unapoingia, na mwanzoni mwa mwezi ripoti za vituo humiminika. Kuharakisha msomaji kwa kumchelewesha anayeingiza takwimu wilayani ni biashara ambayo fundi mzuri huipima kwanza.

Akisharekebisha kitu kimoja, kimoja tu, hulirudia swali lilelile. Haamini kasi ya mara ya pili, maana huenda takwimu zilisomwa kutoka kwenye kumbukumbu badala ya diski. Hupima tena siku za msongamano, akaandika muda wa kabla na wa baada, kisha ndipo hugusa kitu cha pili.