"Anwani" Isiyo Anwani: Uhakiki wa Istilahi Moja ya Ulinzi wa Laini za Umeme

Uhakiki wa istilahi za kiufundi aghalabu huishia katika swali la asili: je, neno litoke katika Kiarabu, Kifaransa au lugha za Kibantu? Swali hilo lina thamani yake, lakini lipo jingine lililo zito zaidi: je, neno humwongoza mtumiaji kutenda ipasavyo? Neno "anwani", linapotumiwa kueleza mipangilio ya rilei za ulinzi, lastahili kupimwa kwa kipimo hicho.

Rilei ya ulinzi hupima mkondo na msongo wa umeme, kisha huamuru swichi kuu ikate laini iliyopatwa na hitilafu. Katika laini muhimu huwekwa rilei mbili, moja kila mwisho, nazo hupashana habari. Ili kila moja iwe na hakika ya inayemsikiliza, ujumbe hubebeshwa namba. Kampuni ya Schweitzer Engineering Laboratories ya Marekani, katika utaratibu wake uitwao Mirrored Bits, huipa kila rilei namba mbili zilizo kati ya 1 na 4: ya kutuma na ya kupokea. Kituo cha kwanza kikituma 1 na kupokea 2, cha pili sharti kitume 2 na kupokea 1. Katika rilei zinazolinganisha mikondo ya miisho yote miwili, namba za namna hiyo huitwa "anwani".

Hapo ndipo penye kasoro. Katika matumizi ya barua, anwani, au adresi kama isemwavyo Lubumbashi, huonyesha ujumbe uendako. Fundi akiambiwa aweke "anwani ya kutuma", ana haki ya kuandika namba ya upande wa pili. Lakini namba hiyo kwa hakika ni sahihi ya mtumaji mwenyewe. Mafundi wawili wakikosea kwa namna moja, namba zitaoana na kosa halitaonekana. Akikosea mmoja tu, rilei zote mbili zitatuma namba ileile na kungojea namba ileile nyingine. Kila ujumbe utakataliwa, na laini itabaki bila ulinzi wa haraka unaotegemea mawasiliano hayo.

Yupo atakayedhani kwamba dawa ni kutumia namba moja pande zote. Dawa hiyo ni mbaya kuliko ugonjwa. Njia ya mawasiliano ikigeuzwa kwa majaribio ili ujumbe urudi ulikotoka, kisha ikasahauliwa hivyo, rilei itapokea sauti yake na kuidhania ya mwenziwe. Kwa kawaida, mkondo unaoingia mwisho mmoja na kutoka mwisho wa pili hujumlishwa ukawa sifuri. Rilei inayojisikiliza yenyewe hujumlisha mkondo wake mara mbili, nayo yaweza kukata laini nzima isiyo na ila. Mtu akibisha hodi, akaulizwa "Nani?", akajibu "Mimi", hajajitambulisha, namba moja kwa wote ni jibu la namna hiyo.

Watetezi wa neno hili wanaweza kukumbusha kwamba "anwani", tangu asili yake ya Kiarabu, ina maana pia ya jina la kitabu. Hoja hiyo ni ya kweli, wala haifai kupuuzwa. Hata hivyo, maana ya neno huamuliwa pia na majirani zake: likiwekwa kando ya "kutuma" na "kupokea", maana ya posta hushinda.

Ingefaa, basi, kusema "namba ya kujitambulisha" na "namba inayongojewa". Maneno hayo ni marefu, lakini kila moja hubeba kanuni yake: ninayojitambulisha nayo ndiyo unayoingojea, nayo isiwe sawa na ninayoingojea mimi. Fundi wa Katanga husoma maagizo kwa Kifaransa au Kiingereza, kisha aweza kumweleza kwa Kiswahili mwenzake aliye kwenye kituo cha mbali. Katika mazungumzo hayo ya simu hakuna mchoro wa kuonyeshana wala kidole cha kuelekeza. Lipo neno peke yake, na usalama wa laini hutegemea namna litakavyoeleweka.