Manowari Petard na Nyambizi I-27

Msafara wa KR 8, uliong'oa nanga Kilindini mwanzoni mwa Februari 1944 ukielekea Colombo, ulikuwa na meli 5 za askari, na ulipokaribia visiwa vya Maldives walinzi wake walikuwa Hawkins, manowari kongwe, pamoja na manowari mbili nyepesi za mbio, Petard na Paladin. Ulinzi ambao, kwa rai yangu, ulikuwa haba mno kwa roho zaidi ya 6,000. Mchana wa tarehe 12 topido mbili za nyambizi ya Kijapani, I-27, zikaipiga Khedive Ismail, mojawapo ya meli hizo za askari, nayo ikazama kwa dakika 2 hivi. Walifariki watu 1,297, wengi wao askari wa mizinga wa Afrika Mashariki wa Kikosi cha 301.

Petard haikuwa ngeni katika kazi ya kuwinda nyambizi, kwani mwaka 1942, pamoja na wenziwe, ilikwisha kuziangamiza U-559 ya Wajerumani na Uarsciek ya Wataliani. Ila mara hii mambo yalikuwa mazito zaidi. Asdiki, chombo kipelekacho sauti majini na kusikiliza mwangwi wake, humwarifu nahodha adui yu upande gani na kwa masafa gani, lakini meli ikishamkaribia sana mwangwi hupotea, na mabomu ya kina, yaangushwayo tezini, hutupwa kwa makadirio pale pale meli ipitapo. Na I-27 ilikuwa imejificha chini ya manusura waliokuwa wakielea, huku mashua za Paladin zikiwaokota. Rupert Egan, nahodha wa Petard, akaamrisha mabomu yatupwe, na mshindo wake ukawaua baadhi ya wale wale waliokwisha kusalimika. Kwani kungoja kungalimpa adui fursa ya kuziwahi meli 4 zilizosalia. Sioni kwamba alikuwa na hiari nyingine, wala simwoni mtu wa kumlaumu mzazi aliyempoteza mwanawe pale akikataa kuikubali hoja hiyo.

Nyambizi ilipolazimika kuibuka, mizinga iliipiga isiizamishe. Paladin ikajielekeza kuigonga, kisha ikakengeuka, na bawa la nyambizi likaupasua ubavu wake. Ndipo Petard ikageukia topido, silaha ngumu kulengea chombo kilicholala chini majini na kuzidi kuzunguka: sita zikapita bure, ya saba ikaivunja I-27, na baadaye Petard ikaifunga Paladin kamba na kuikokota hadi Addu, huko Maldives.